Mafunzo ya vijana kwa simu: kipi kiende mtandaoni, kipi kibaki kwenye kikao

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mratibu wa vijana katika asasi ndogo wilayani Newala, mkoani Mtwara. Tunawafundisha vijana 60, wenye umri wa miaka 16 hadi 28, ujasiriamali, stadi za maisha na afya ya uzazi. Mfadhili wetu ametutaka tuhamishie sehemu ya mafunzo mtandaoni. Tumejaribu Zoom mara mbili. Waliingia vijana 11, na wengi wao walikatika kabla ya kikao kwisha. Takribani nusu wana simu janja, na waliobaki wana vitochi au huazima simu za nyumbani. Je, tutumie jukwaa gani, na somo tuligawe vipi ili wenye vitochi wasiachwe nyuma?

JIBU: Ndugu Mratibu, nashukuru kwamba umeanza na hesabu ya simu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu kitakachofuata.

Kilichowakwamisha kwenye Zoom si mtandao hafifu peke yake. Mkutano wa video unamtaka kila kijana awe huru saa ileile, mahali penye mtandao tulivu, akiwa na bando la kutosha hadi mwisho, na saa moja ya video inaweza kula mamia ya megabaiti. Isitoshe, akaunti ya bure hukatisha kikao cha kikundi baada ya dakika 40. Kwa vijana ambao kuanzia Oktoba hadi Desemba wako kwenye korosho kutwa nzima, masharti hayo hayatimiziki. Chagueni mafunzo ambayo kila mmoja atayasikiliza kwa wakati wake, na mkutano wa video muuache kwa ajili ya viongozi wa vikundi wanapopanga kazi.

Kabla ya kuchagua jukwaa, chukueni mtaala wenu mwulizane, mada kwa mada, ni lipi kijana anaweza kujifunza akiwa peke yake na lipi linahitaji watu wawe pamoja. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilifuata njia hiyo katika programu ya VSOMO, iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa kushirikiana na kampuni ya simu ya Airtel: nadharia ilisomwa kwenye simu, na mazoezi kwa vitendo yalifanyika chuoni. Kwenu, utunzaji wa daftari la mapato na matumizi unaweza kwenda kwenye simu. Mazoezi ya kuzungumza na mteja, usuluhishi wa ugomvi ndani ya kikundi, na mazungumzo ya afya ya uzazi yabaki kwenye kikao. Hapo nina msimamo, na naomba muutetee mbele ya mfadhili: kuwafundisha vijana kwenye asasi hutofautiana na darasa la shule, kwa kuwa kijana hasukumwi na mtihani bali huja kwa sababu kuna mtu mzima anayemwamini, na uaminifu huo hujengwa ana kwa ana. Faida kubwa ya simu ni kwamba inawaondolea mzigo wa kufundisha mambo ya maelezo, ili muda wa kikao utumike kwa yale yasiyoweza kufanyika bila kukutana.

Kwa nusu yenye simu janja, WhatsApp inatosha. Msiwapakulishe programu mpya wasiyoijua. Kila somo liwe na vitu vitatu: ujumbe wa sauti usiozidi dakika tatu, picha moja na kazi moja. Mathalani, mada ni gharama ambazo mfanyabiashara husahau kuzihesabu. Jumatatu jioni mwezeshaji anatuma sauti akieleza habari za muuza maandazi anayehesabu unga, sukari na mafuta, lakini haandiki mkaa, maji wala nauli ya kwenda sokoni, kisha anashangaa mtaji unapopungua kila wiki. Picha iwe ya ukurasa wa daftari la kawaida, uliochorwa kwa rula na kuandikwa kwa kalamu, wenye safu nne: tarehe, maelezo, pesa iliyoingia na pesa iliyotoka. Kazi ni kuchora ukurasa kama huo, kuujaza kwa siku tatu na kurudisha picha yake Alhamisi. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu kwa kawaida haufiki megabaiti moja. Faili la PDF lililopangwa kwa karatasi ya A4, hata likiwa jepesi, humlazimu msomaji kulivuta huku na kule kwenye kioo kidogo, na wengi huishia ukurasa wa kwanza. Pia waelekezeni vijana kuzima upakuaji wa video wa moja kwa moja katika mipangilio ya WhatsApp. Bando linaweza kuishia hapo kabla somo halijafunguliwa.

Wenye vitochi wanahitaji mambo mawili. La kwanza ni SMS fupi yenye kiini cha somo na kazi ileile ya Alhamisi. SMS moja hubeba herufi 160, lakini ikiwemo alama moja tu iliyo nje ya orodha ya kawaida, nafasi hushuka hadi 70 na mnatozwa zaidi. Emoji (kikaragosi) husababisha hilo, na hata alama iliyopinda katika neno kama ng’ombe, mnapolinakili kutoka kwenye kompyuta, inaweza kulisababisha. Tumieni ile iliyonyooka. La pili ni kituo cha kusikilizia: vijana watano wanaoishi jirani wakutane kwa mwenzao mwenye simu janja, wasikilize sauti pamoja na kuijadili. Mkiwa na kompyuta ya mezani ofisini, Kolibri, programu ya bure ya masomo, inafaa kujaribiwa kwenye kituo hicho, kwa sababu huwezesha simu janja zilizo karibu kufungua masomo kwa Wi-Fi ya hapohapo bila intaneti na ina lugha ya Kiswahili, ingawa maudhui yake mengi ni ya shule na itabidi mchague.

Sasa faragha, ambayo hamkuiuliza lakini ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Katika kundi la kawaida la WhatsApp kila mwanachama huona namba ya kila mwenzake, na binti wa miaka 16, ambaye kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 bado ni mtoto, anaweza kuanza kupigiwa simu usiku na mtu asiyemjua. Tumieni orodha ya matangazo (broadcast list) ya WhatsApp: wapokeaji hawaonani, na hupokea hadi watu 256, ila ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba ya mtumaji, kwa hiyo hilo lifanyike siku ya usajili. Siku hiyohiyo mwulizeni kila kijana kwa faragha simu ni ya nani na nani mwingine huisoma. Binti anayeazima simu ya kaka yake asitumiwe hata sentensi moja kuhusu uzazi wa mpango; atumiwe tarehe ya kikao tu. Mazungumzo ya mwezeshaji na kijana aliye chini ya miaka 18 yawe na saa maalumu, na mtu mzima wa pili awe na uwezo wa kuyaona. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023: orodha ya majina, umri na namba isizunguke kwenye simu za wafanyakazi, na ridhaa ichukuliwe kabla ya kukusanya chochote.

Kuhusu mfadhili, msimpe idadi ya waliojiunga, kwani haionyeshi aliyejifunza. Mpeni idadi ya kazi zilizorudishwa, mkitenganisha wavulana na wasichana, wenye simu janja na wenye vitochi. Pengo likionekana kati ya makundi hayo, mtajua vituo vya kusikilizia vinafanya kazi au la. Bajeti iwe na kifungu cha bando, nalo linunuliwe moja kwa moja kwenye namba ya kijana. Anzeni na mada moja ya ujasiriamali kwa vikundi viwili kwa mwezi mmoja, na mwezi huo uwe Julai au Agosti, kabla msimu wa korosho haujafunguliwa.