Wasomaji Wanauliza: Kutoka Kuangushwa Hadi Kushika Filamu

Sasa mhariri, mi ni kijana wa Kayole, nafanya sarakasi na taekwondo tangu primary na nataka siku moja niwe direkta wa movie za ngumi. Juzi kwa kibanda cha movie jamaa akasema ati direkta wa John Wick alikuwa anaangushwa badala ya Keanu Reeves. Hizo si story za jaba kweli?

Si story za jaba kakangu. Anaitwa Chad Stahelski. Mwaka wa 1993 Brandon Lee, kijana wa Bruce Lee, alipigwa risasi kwa ajali akishuti The Crow akafa, na Stahelski ni mmoja wa walioitwa kusimama pahali pake ndo filamu iishe. Baadaye akawa dabo wa Keanu, yaani mtu wa stanti anayeruka na kuangushwa badala ya stelingi, kwa The Matrix, ile ya 1999.

Sasa sikiza hapa, juu watu huruka hii sehemu wakidhani jamaa alilala akiwa mtu wa stanti akaamka direkta. Yeye na mwenzake David Leitch walifungua kampuni yao, 87Eleven, kazi yao ilikuwa kupanga mapigano ya filamu za wenyewe, na kabla kamera kubwa zije walikuwa wanayashuti kwanza na kamera ndogo, wanakata wanaunganisha, alafu ndo wanamwonyesha direkta. Hapo ndo shule yenyewe. Kufikia John Wick, 2014, Keanu akiwapelekea script, walikuwa wameshashuti ngumi kuliko madirekta wengi wenye majina.

Na utaiona kwa kazi. Movie nyingi kamera inatetemeka kama iko kwa matatu ya Githurai, hiyo ni kuficha stelingi hajui kupigana (mi hukasirika sana). Kwa John Wick Keanu alifanyishwa mazoezi ya judo, jujitsu na bunduki kwa miezi, so kamera inarudi nyuma inatulia, unaona mkono na mguu.

We anza na simu. Tafuta wenzako, pale Sarakasi Dome Ngara, iliyokuwa sinema ya Shan, huwa kuna wanasarakasi wazuri, shuti ngumi ya dakika moja, edit mwenyewe, rudia. Lakini mkitoa bunduki ya toy barabarani bila kibali, mbio mtakazotoka hazitakuwa za filamu.

Kama walikuwa wawili, mbona John Wick ya kwanza ina jina la Stahelski pekee? – Msomaji, South B

Chama cha madirekta cha Marekani kwa kawaida hutaka filamu moja direkta mmoja. Leitch, ambaye alikuwa dabo wa Brad Pitt, hakulala njaa lakini, The Fall Guy ya 2024 ni yake, na inahusu mtu wa stanti.

Mwanangu anaruka kutoka balcony first floor ati ni mazoezi. Nimkataze? – Mama, Umoja

Mkataze leo, mama. Hal Needham, dabo wa Burt Reynolds aliyekuja kuwa direkta wa Smokey and the Bandit mwaka wa 1977, alisema amevunjika mifupa 56 na mgongo mara mbili, na huyo alikuwa na watu na vifaa, tena ni mmoja wa walioleta ule mto mkubwa wa hewa wa kuangukia. Mpeleke kwa mwalimu wa sarakasi mwenye magodoro. Kabla hapo, ashuke na ngazi.