Karatasi ya karanga na lita za mazuti: kwa mnaoanza mafunzo ya usalama wa operesheni

Ukinunua karanga pembeni mwa barabara ya Kasenga au mlangoni mwa soko la Kenya hapa Lubumbashi, isome karatasi kabla ya kuitupa. Huenda ikawa ukurasa wa daftari la mahudhurio, orodha ya majina na namba za simu, au nakala ya hati ya misheni (ruhusa ya safari ya kazi) iliyochafuka wino. Hakuna aliyevunja kabati. Mtu alifagia ofisi, akakusanya karatasi kuukuu mfukoni, zikauzwa kwa wanaofungia bidhaa. Somo la usalama wa operesheni, yaani kumzuia adui asijue mipango yenu kwa kuunganisha vipande vidogo vya taarifa, ambalo vitabu huliita OPSEC, linaanzia hapo hapo, na wengi mnaotumwa kozini mara ya kwanza kutoka ofisi za jimbo, polisi au jeshini mnafika mkidhani mtafundishwa kufuli na maneno ya siri.

Jina lilizaliwa katika vita vya Vietnam. Mwaka 1966 na 1967 Wamarekani waliona kwamba ndege zao za mabomu za B-52 hufika juu ya shabaha na kukuta adui ameshahama. Wakashuku jasusi, wakashuku misimbo imevunjwa. Kikosi cha uchunguzi kilichoitwa Purple Dragon, chini ya Admirali Ulysses S. Grant Sharp, kikaifuata taarifa ya shambulio tangu inapozaliwa mpaka bomu linapoanguka. Kati ya waliyoyakuta: maombi ya kutengewa anga yalikuwa yakisambazwa mapema kwa waongozaji wa ndege za kiraia wa eneo zima, na meli za Kisovieti zilikuwa zikikaa karibu na kisiwa cha Guam, zilikoruka B-52, zikihesabu ndege zinazoruka. Adui hakuhitaji kuiba hati hata moja. Januari 1988 Rais Reagan alitia sahihi agizo namba 298 lililozitaka idara za serikali ya Marekani zenye kazi nyeti ziwe na mpango wa namna hiyo, na kozi nyingi zinazofundishwa leo zimejengwa juu ya hatua zake tano.

Hatua hizo mtazikariri siku ya kwanza: kutambua taarifa nyeti, kuchambua tishio, kuchambua udhaifu, kupima hatari, kuweka kinga. Kukariri ni kazi ya dakika kumi. Shida ni kwamba karibu kila mgeni wa somo hili huanzia ya tano. Anarudi kazini, anapiga marufuku simu, anagonga muhuri wa SIRI kwenye kila faili mpaka ombi la sabuni, na baada ya mwezi hakuna anayeujali muhuri ule.

Kwa hiyo kaeni sana kwenye hatua ya kwanza. Orodha ya taarifa nyeti ya ofisi moja isizidi mistari kumi, na iandikwe kwa watu wanaofanya kazi, si kwa shefu peke yake. Mstari mbaya husema: «taarifa za misheni». Haumsaidii yeyote. Mstari mzuri husema: «siku na saa ya gari kuondoka, mpaka litakapofika». Una mwanzo na una mwisho. Gari likishafika, saa ile si siri tena, na dereva anaweza kuitaja bila kuadhibiwa. Msipoandika mwisho, orodha itanenepa kila mwaka na watu wataichoka.

Chukueni mfano mmoja muutumie darasani kote. Ofisi inapeleka mishahara ya fedha taslimu kutoka Lubumbashi hadi kituo kilicho kilomita 500. Mpango uko kwenye bahasha, bahasha iko kabatini, na ufunguo wa kabati uko kwa mtu mmoja. Sasa shukeni hadi kituo cha mafuta. Gari lile lile ambalo kila wiki huchukua lita 40 za mazuti (dizeli) leo linachukua 150, pamoja na madumu mawili nyuma. Pompisti anajua, bila kusoma kitabu chochote, kwamba gari linalokula lita 15 kwa kila kilomita 100 linaenda na kurudi kilomita 1,000. Dereva amenunua mkate na maji ya siku tatu. Polisi wa kusindikiza wameambiwa jana wajiandae, na mmoja amemuaga rafiki yake. Kwenye kundi la WhatsApp la kituo kinachongojea, mtu ameandika: «Mshukuruni Mungu, Alhamisi tunalipwa.» Kila kipande, kikiwa peke yake, hakina ubaya. Mtu anayevipanga mezani anapata siku, njia, umbali na sababu. Vipande hivi ndivyo mtakavyosikia vikiitwa viashiria, na kazi yenu kubwa kozini ni kujizoeza kuviona kwa macho ya mtu aliyesimama nje ya ukuta.

Kwenye tishio, wageni huenda mbali mno. Wanaandika «majasusi wa nchi za nje» kisha wanafunga daftari. Andikeni mtu mwenye sababu, uwezo na nafasi: genge linalojua njia ya malori ya mpakani Kasumbalesa, mfanyabiashara anayetaka bei za zabuni kabla ya bahasha kufunguliwa, mtumishi aliyefukuzwa mwezi jana ambaye bado yumo kwenye kundi la simu. Kama hamwezi kusema anataka nini hasa, hamjachambua tishio.

Udhaifu ndio sehemu tajiri kwa mji huu, na mkubwa kuliko wote ni kibanda cha fotokopi. Umeme umekatika ofisini au wino umekwisha, na hati ya misheni inatakiwa saa nne. Kijana anatumwa na flashi. Tazameni kinachotokea pale kwa mpangilio. Flashi inaingizwa kwenye kompyuta ambayo tangu asubuhi imepokea flashi nyingine nyingi, na virusi vyao. Ili ifunguke haraka, faili linanakiliwa kwanza kwenye meza ya kompyuta, yaani skrini yake ya mwanzo (desktop). Linafunguliwa, linachapishwa, ukurasa wa kwanza unatoka mweupe nusu, unatupwa kwenye boksi chini ya meza, unachapishwa mwingine. Kijana analipa, anachukua karatasi, anaondoka. Nyuma yake kumebaki vitu vitatu: faili kwenye meza ya kompyuta, jina la faili hilo kwenye orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni, na ukurasa ulioharibika. Boksi likijaa, linakwenda kwa muuza karanga. Flashi nayo inarudi ofisini na virusi.

Kinga yake si kukataza fotokopi, maana kesho umeme utakatika tena. Chapisheni fomu tupu 50 za hati ya misheni mapema, siku umeme upo, na tarehe, namba ya gari na njia viandikwe kwa kalamu. Zipeni fomu hizo namba moja hadi 50 na daftari la kuzitoa, la sivyo mtu atajaza yake kwa safari ya binafsi. Kwa lazima kabisa, mhusika mwenyewe aende na flashi isiyo na kitu kingine, afungue faili kutoka kwenye flashi bila kulinakili, na arudi na kila ukurasa, mzuri na mbovu. Karatasi za kuchoma zichomwe mpaka ziwe majivu kisha zikorogwe kwa fimbo. Bunda lililofungwa huungua pembeni tu, katikati maandishi yanasomeka kama kawaida.

Simu ina sura yake kozini, na mifano mnayopewa ni ya kweli. Novemba 2017 programu ya mazoezi Strava ilichapisha ramani ya mahali watumiaji wake wanapokimbia. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akaonyesha kwamba, katika nchi ambazo watu wachache wanaitumia, mistari inayong'aa jangwani ni askari wakizunguka kambi zao. Agosti mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikakataza matumizi ya huduma za kuonyesha mahali kwa waliotumwa kwenye maeneo ya operesheni. Machi 2025 maofisa wakubwa wa Marekani walijadili mashambulizi ya Yemen kwenye kundi la programu ya ujumbe ya Signal ambamo mhariri wa jarida alikuwa ameingizwa kimakosa. Programu ilificha ujumbe vizuri kabisa, ila aliyeusoma alikuwa mwanachama wa kundi.

Kwa hiyo fanyeni haya, kwa utaratibu huu. Fungueni kundi la kazi na msome majina yote, mmoja mmoja. Namba isiyo na jina, mpigieni mwenyewe au mtoeni. Aliyehamishwa atoke siku hiyo hiyo, kwa sababu namba isiyotumika hurudishwa sokoni na kampuni ya simu na kuuzwa kwa mtu mwingine. Kisha angalieni vifaa vilivyounganishwa na akaunti: kompyuta ya ofisi ya zamani mara nyingi bado inasoma kila kitu. Washeni ulinzi wa nakala ya akiba, kwa kuwa WhatsApp haiifungi nakala hiyo kwa msimbo mpaka mwenye simu auwashe ulinzi huo mwenyewe. Kuhusu picha, zimeni alama ya mahali katika mipangilio ya kamera. Picha iliyotumwa kawaida kwa WhatsApp hupoteza taarifa hizo njiani, lakini ikitumwa kama dokumenti inafika nazo zote. Na hata ikipoteza, bado kuna ukuta nyuma ya watu wanaotabasamu. Tazameni ubao, ramani, kioo cha kompyuta, namba ya gari, kadi ya kifuani, na kilichomo dirishani. Mnara wa maji au bango la barabarani linatosha kutambua mahali.

Kupima hatari kusiwe hesabu ya kutisha. Toeni alama 1 hadi 5 mara tatu: adui anataka na anaweza kiasi gani, ni rahisi kiasi gani, na madhara ni makubwa kiasi gani, kisha zidisheni. Kibanda cha fotokopi: 4 × 5 × 4 = 80. Sentineli (mlinzi) anayechaji simu yake ndani ya ofisi: 2 × 2 × 3 = 12. Anzeni na 80. Namba hizi ni hukumu ya watu, kwa hiyo watu watatu watoe alama kila mmoja peke yake kabla ya kuongea. Mkiongea kwanza, wote wataandika alama ya shefu.

Kinga nzuri hubadilisha sura ya kawaida ya kazi. Kwa mfano wa mazuti, jazeni matangi ya magari yote kila Jumatatu, yanayosafiri na yasiyosafiri, na pompisti hatakuwa na cha kuhesabu. Lakini tangi lililojaa hufyonzwa usiku. Andikeni kilomita na kiwango cha mafuta jioni na asubuhi, dereva na sentineli wote watie sahihi. Kila kinga ina gharama ya namna hii, na anayeipendekeza darasani bila kuitaja gharama hajamaliza jibu.

Kosa linalotuuma zaidi ni la walioachwa nje. Mafunzo hutolewa kwa Kifaransa kwa wenye vyeo, na vitabu vingi vya somo hili ni vya Kiingereza, wakati anayejua saa ya gari kuondoka ni dereva, mama anayepika, kijana anayeosha magari na sentineli wa usiku. Orodha ile ya mistari kumi iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele yao, na waulizwe wao wameona nini. Sentineli ndiye atakayewaambia kwamba kuna mtu ameuliza mara mbili wiki hii kama shefu yupo. Mpeni mahali pa kulipeleka neno hilo bila kuonekana mbea. Rudieni somo angalau mara moja kwa mwaka, na kila mara mtu mpya anapoingia.

Jambo moja liwekwe wazi tangu mwanzo. Usalama wa operesheni hauwapi ruhusa ya kumficha mkaguzi wa IGF, ukaguzi mkuu wa fedha za serikali, hesabu, wala kumnyima raia taarifa iliyo haki yake, wala kufunika unyanyasaji. Mtu akikuambia uandike SIRI juu ya risiti inayokosekana, anatumia jina la somo hili kulinda wizi, na kesho askari hawataliamini hata pale ambapo maisha yao yanalitegemea.

Kabla ya kwenda kozini, fanyeni zoezi hili kwa siku tano za kazi. Simameni nje ya uzio wa ofisi yenu dakika 20 asubuhi na 20 jioni, bila kumuuliza mtu kitu. Andikeni kila mnachokijua kutokana na kuona na kusikia tu: gari gani limetoka, nani amekuja amebeba nini, taa ya chumba gani huwaka hadi usiku, motari (mwendesha pikipiki) gani anamngojea nani. Siku ya tano pangeni vipande mezani, muone mmejua mipango mingapi ya wiki ijayo. Njooni na karatasi hiyo siku ya kwanza ya kozi, na mkishamaliza kuitumia msiisahau mezani.