Nimetolewa kizazi, sasa mkojo unavuja. Naweza kudai fidia?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mwaka jana nilitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, hospitali ya wilaya. Siku ya saba, nikiwa bado wodini, mkojo ukaanza kunitoka wenyewe ukeni. Nilimwambia muuguzi, akasema ni majimaji ya kawaida baada ya upasuaji, nikaruhusiwa kurudi nyumbani. Hospitali ya rufaa wamekuta tundu kati ya kibofu na uke. Sasa hospitali ya kwanza wanasema watanitibu bure nikisaini kwamba sina madai. Fomu ya upasuaji alisaini mume wangu. Je, nina kesi? — Mama wa watoto watatu, Morogoro.

JIBU: Pole sana, dada yangu. Karatasi hiyo usiisaini kwanza. Tiba unastahili kupewa bila kuuza haki yako, na hakuna anayejua leo kama tundu litaziba kwa mara ya kwanza. Ukishasaini kwamba madai yamekwisha, kurudi nyuma ni kazi ngumu. Kama shida ni gharama, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutibu fistula, yaani tundu la namna hii, bila malipo.

Tundu peke yake halithibitishi uzembe. Kibofu kimepakana na kizazi, na hata daktari makini anaweza kukijeruhi, hasa kama uvimbe ni mkubwa au kuna makovu ya upasuaji wa zamani. Utetezi wao utaanzia hapo, kwa hiyo usitegemee kushinda kwa kuonyesha jeraha tu. Ningelikuwa wakili wako, nguvu zangu ningezielekeza kwenye ile siku ya saba. Fistula ya namna hii mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki moja au mbili baada ya upasuaji, na mganga anayetibu wanawake anatakiwa kulijua hilo. Kipimo chake cha kwanza si cha ajabu: maji yenye rangi ya bluu huingizwa kwenye kibofu kwa mpira wa mkojo, halafu inaangaliwa kama pamba iliyowekwa ukeni imepata rangi. Nani alikupima? Malalamiko yako yaliandikwa kwenye faili? Daktari aliitwa? Kumruhusu mgonjwa anayelalamika hivyo bila kumpima ni jambo gumu kulitetea.

Kuhusu fomu: ridhaa ya mtu mzima mwenye akili timamu ni yake mwenyewe, si ya mume. Mazoea ya kumwita mzee aje asaini yamekaa sana wodini kwetu, lakini mazoea si sheria. Na hata ungesaini wewe, ulikubali upasuaji na hatari zake ulizoelezwa. Hukukubali uzembe.

Omba kwa maandishi nakala ya faili lote: maelezo ya upasuaji, chati za wauguzi, fomu ya ridhaa na karatasi ya kuruhusiwa. Nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakisuasua, wakumbushe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayokupa haki ya kuziona taarifa zako. Tunza kila risiti, hata ya pedi na nauli, kwa sababu hasara ya fedha uliyotumia mahakama hutaka ithibitishwe moja moja. Maumivu na aibu hukadiriwa na hakimu au jaji. Daktari wa hospitali ya rufaa aandike alichokikuta. Huyo ndiye shahidi wako mkubwa, na nakuonya mapema kwamba madaktari hawapendi kusimama kizimbani dhidi ya wenzao.

Muda ndio unaoua kesi nyingi. Dai la uzembe lina miaka 3. Hospitali yako ni ya serikali, kwa hiyo lazima kwanza utoe notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki kwa mamlaka husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye pia lazima aunganishwe kwenye kesi. Kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Zihesabu siku hizo 90 ndani ya ile miaka 3. (Ingekuwa hospitali binafsi, barua ya madai ya wakili ingetosha kuanzia.) Aliyechelewa anaweza kumwomba Waziri wa Sheria amwongezee muda, usiozidi nusu ya ule wa awali, lakini usipange maisha yako kwa kutegemea hisani hiyo.

Sambamba na hayo, unaweza kulalamika Baraza la Madaktari Tanganyika. Linaweza kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejista. Fidia halikupi. Malalamiko dhidi ya muuguzi yana baraza lake, la Uuguzi na Ukunga. Polisi nisingeanzia huko: uzembe wa tiba unaweza kuwa jinai, ila kiwango cha ushahidi kiko juu zaidi na faili lako linaweza kukwama kama kielelezo.

Kama huna fedha za wakili, nenda TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ukiwa na barua ya hospitali ya rufaa mkononi. Waombe jambo la kwanza liwe notisi.