Ekzosi ya Impreza ya zamani, usikimbilie inchi 3

Mkuu, umeuliza kama Subaru Impreza yako ya 1998 isiyo na tabo (kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini) uifunge bomba la ekzosi la inchi 3 kama WRX, ile Impreza yenye tabo, ya mshkaji wako. Hapana kaka. Yeye ana tabo, bomba likiwa pana tabo inapumua inajaa presha mapema, ila wewe huna tabo so utapata kelele tu na gari itakuwa nzito ukiondoka, inchi 2 na robo inakutosha kabisa. Halafu heda, ile mirija inayotoa moshi kwenye injini, usiguse!! Ule mngurumo wa Subaru unatoka kwenye hiyo mirija isiyolingana urefu, ukifunga za kulingana umeupoteza, na mi bila ule mngurumo gari siitaki kabisa. Chukua ekzosi ya stenlesi, fundi aipandishe juu, matuta yetu unayajua.