Maswali Yenu: Rozela, Nyungu na Usingizi wa Saa Nane

Nina mimba ya miezi mitano. Kliniki wamepima wingi wa damu (himoglobini) wakasema ni 9.8. Nakula mchicha na maharage karibu kila siku, na rozela nakunywa glasi mbili, lakini kipimo cha pili kimerudi vilevile. Wifi yangu anasema niongeze rozela. – Msomaji, Tanga

Usiongeze, dada. Wekundu wa rozela ni rangi ya ua tu. Haugeuki damu, kama usivyogeuka wa bitiruti. Isitoshe, rozela hushusha presha kidogo na kwa kawaida hunywewa na sukari nyingi. Iache kwanza mpaka ujifungue.

Mchicha na maharage vina madini ya chuma kweli, ila chuma cha mimea mwili hukipokea kwa shida, na sisi wenyewe tunaizidisha shida hiyo kwa chai. Ule ukakasi unaokausha ulimi ukinywa chai ya rangi ndio unaoshika chuma tumboni kikatoka na choo. Chai na kahawa vikae mbali na chakula: saa moja kabla ya kula, na saa moja hadi mbili baada ya kula. Kwa wengi wetu, waliozoea kufunga mlo kwa kikombe, hili ni gumu kuliko kumeza kidonge.

Kinachovuta chuma kiingie mwilini ni vitamini C. Kamulia ndimu nusu kwenye sahani yako, si kwenye sufuria inayochemka, kwa sababu moto huiua vitamini hiyo. Kachumbari mbichi, chungwa au pera pamoja na mlo hufanya kazi ileile. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji yale na kupika kwa maji mapya. Kuloweka hupunguza kile kinachong'ang'ania chuma ndani ya punje. Ukitia dagaa au vipande vichache vya nyama kwenye mboga, chuma chake hupokewa vizuri na hukisaidia cha maharage pia. Maini watu watakusifia sana, lakini yamejaa vitamini A kupita kiasi kwa mjamzito. Yaache.

Hukutuambia kama unakula udongo. Wajawazito wengi wanakula na wanaficha. Kama ni hivyo, hapo panaweza kuwa ndipo damu inapokwama: udongo hushika chuma kama chai, na unaweza kukuletea mayai ya minyoo.

Sasa la msingi. Mjamzito akiwa chini ya 11 ana upungufu wa damu, na kwa 9.8 sahani peke yake haitakufikisha. Meza vidonge vya chuma ulivyopewa, kwa maji au juisi ya chungwa, kamwe si kwa chai wala maziwa. Vikikutia kichefuchefu, meza usiku unapokwenda kulala. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Waulize pia kuhusu malaria na minyoo, maana hivyo navyo hula damu, kisha upime tena baada ya wiki nne. Ukianza kuhema ukiwa umekaa, au moyo kwenda mbio bila sababu, nenda siku hiyohiyo.

Mafua yakinibana najifukiza nyungu ya mkaratusi na mchaichai. Je, naweza kumfukiza mwanangu wa miaka miwili? – Baba Asha, Morogoro

Hapana. Mtoto chini ya blanketi na sufuria ya maji moto ni ajali inayosubiri teke moja tu. Mvuke hauui virusi. Hukupa nafuu ya pua kwa muda, basi. Wewe mwenyewe ukijifukiza, sufuria iwe chini sakafuni, imeshaepuliwa na kupoa dakika kadhaa, isiwe mapajani.

Kwa mtoto, chemsha maji kikombe kimoja (mililita 250), tia chumvi robo kijiko cha chai, yapoe. Dondosha matone mawili kila tundu la pua kabla ya kula na kabla ya kulala. Maji hayo yamwage kesho yake. Usiku mpe nusu kijiko cha chai cha asali kwa kikohozi, lakini asiyetimiza mwaka mmoja asionjeshwe asali kabisa: inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli yake hadi ashindwe kupumua. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunywa, hilo ni la hospitali.

Nalala saa nne usiku, saa nane macho yako wazi hadi adhana ya alfajiri. Mchana nafidia kwa kulala masaa mawili. Kuna mti gani wa usingizi? – Mwalimu, Mombasa

Mwalimu, usingizi wa mchana ndio unaoula wa usiku. Usizidi dakika 20, na iwe kabla ya saa tisa. Kahawa ya mwisho iwe saa sita mchana, kwa kuwa baada ya kama masaa matano, nusu ya nguvu yake bado imo mwilini.

Kisha fanya jambo litakaloonekana kinyume: chelewa kulala. Kwa wiki mbili panda kitandani saa tano na nusu, amka saa kumi na moja alfajiri, hata kama hukulala. Usingizi ukianza kushikamana, ongeza robo saa kila wiki. Wiki ya kwanza utasinzia mchana, hivyo usiendeshe gari. Ukizinduka saa nane, usitazame saa wala simu. Ukihisi umekaa macho muda mrefu, toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe kwa sita, urudi ukisinzia.

Kama unaambiwa unakoroma na kukatika pumzi, au unaamshwa na mkojo kila mara, pima kwanza. Ukiona pia hakuna kinachokufurahisha kwa wiki mbili mfululizo, mwone daktari. Huenda ni sonona.

Na kungumanga: chembe kwenye chai haina neno, ila wanaokushauri ulambe kijiko kizima ili ulale wanakupa sumu. Huleta moyo kwenda mbio na kuona visivyokuwepo.