Kabla hujaandika sababu za rufaa

Wakili mchanga hapa Tanzania akikabidhiwa rufaa ya kesi ya biashara huanza na kilichomuuma: hakimu kausoma mkataba vibaya, kapuuza stakabadhi za benki. Hayo yaweke kando kwanza. Fungua ukurasa wa kwanza wa hukumu uone imetolewa na mahakama ipi.

Ikitoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, unakwenda Mahakama Kuu. Marekebisho ya sheria ya 2016 yaliwawekea mahakimu ukomo wa shilingi milioni 70 kwa madai ya fedha katika kesi za biashara, kwa hiyo tazama hati ya madai ilidai kiasi gani. Hoja ya mamlaka, yaani kwamba mahakama haikuwa na uwezo wa kusikiliza kesi hiyo, huweza kuibuliwa hata kwenye rufaa. Ikitoka Divisheni ya Biashara, ile iliyoanza 1999, hapo uko Mahakama Kuu tayari. Jaji hakatiwi rufaa kwa jaji mwenzake. Njia ni Mahakama ya Rufani. Kibali cha kukata rufaa, kilichotusumbua miaka mingi, kiliondolewa kwa marekebisho ya 2023. Ila uamuzi mdogo usiomaliza kesi haukatiwi rufaa, hata ukuudhi vipi.

Kwenda Mahakama Kuu una siku 90, na zile za kusubiri nakala ya hukumu na tuzo (hati fupi ya amri zilizotokana na hukumu) hazihesabiwi. Tuzo ikague hapohapo masjala: tarehe yake iwe ya hukumu, si ya siku karani alipoichapa.

Mahakama ya Rufani ndiko watu wanakoumia. Notisi ya rufaa ni ndani ya siku 30, kisha una siku 60 tangu notisi kuwasilisha kumbukumbu za rufaa, yaani kitabu chenye nyaraka zote za kesi, na mwenendo wa kesi unaotakiwa humo mara nyingi haujachapwa. Kinga yako ni barua ya kuomba nakala, ndani ya zile siku 30, nayo mjibu rufaa apelekewe. Wengi wanaandika barua nzuri, inagongwa muhuri, halafu upande wa pili haupelekewi. Hapo cheti cha ucheleweshaji, kile cha msajili kinachoondoa kwenye hesabu siku za kuandaa nakala, hakikufai. Dai saini, jina na tarehe ya aliyepokea, uvitie jaladani.

Na rufaa haisimamishi utekelezaji. Kule Rufani maombi ya kuusimamisha yana siku 14 tangu mteja apate notisi ya utekelezaji, na dhamana inatakiwa. Mwambie mapema aanze kuzungumza na benki yake, asije akamkuta dalali wa mahakama anahesabu magari uani huku wewe unamwonyesha risiti ya rufaa.