Kuthibitisha si Kuidhinisha

Msomaji wetu wa Kisumu, anayeunganisha programu ya wavuti ya chuo na seva ya saraka (kompyuta inayotunza orodha ya watumiaji na akaunti zao), anauliza: mtumiaji akikosea nenosiri, aambiwe "Hujaidhinishwa" au "Hujathibitishwa"?

Ndugu yangu, mwambie "Jina au nenosiri si sahihi", kwa kuwa kilichoshindikana hapo ni uthibitishaji. Thibitisha limetokana na thabiti, idhinisha na idhini, yote ya asili ya Kiarabu, na hapo hapana ubishi. Walionichosha ni wanaosema "kuidhinisha" popote penye kufuli.

Tazama lango la mtaa wenye ulinzi hapa Nakuru. Askari hukuomba kitambulisho, akalinganisha picha na uso wako, akaandika jina kitabuni. Amethibitisha kuwa wewe ndiwe, lakini hajakuruhusu chochote. Ndipo humpigia simu mwenyeji wako, na mwenyeji akikubali, umeidhinishwa. Akikataa utabaki nje, ingawa kitambulisho chako ni kile kile na jina lako bado limo kitabuni. Sasa askari huyo akikuambia kuwa kitambulisho ndicho kibovu, utapanga foleni ya kuomba kingine bure, sawa na mtumiaji anayebadilisha nenosiri mara tatu ilhali tatizo lake ni ruhusa.

Saraka nayo hutenda kwa hatua hizo hizo. Programu huitafuta akaunti kwa jina, hupata anwani yake kamili katika mti wa saraka, kisha huomba kuingia kwa anwani hiyo pamoja na nenosiri alilolitoa mtumiaji. Seva ikilikubali, uthibitishaji umekamilika. Kuangalia kama akaunti imo katika kundi la wahasibu au la wahadhiri ndiko kuidhinisha. Tena kataa nenosiri tupu ndani ya programu yenyewe, kwa sababu katika itifaki ya LDAP, yaani kanuni ambazo programu hutumia kuzungumza na saraka, zipo seva ambazo, zikipewa anwani bila nenosiri, humpokea mtu kama mgeni asiyejulikana na kujibu kwamba ombi limefaulu. Aliyezoea kuziita hatua zote mbili "kuidhinisha" atalichukua jibu hilo na kufungua mlango.

Wanaosema "kulogini" nawavumilia, maana hawapotoshi hatua yoyote. Ila aliyekwisha kuthibitishwa na kukosa ruhusa, huyo mwandikie: "Akaunti yako haina idhini ya kufungua ukurasa huu."